Acheni Kuwapongeza Wazee Wetu kwa Kukonda

Barua ya wazi kwa waandaaji wa miongozo ya tiba katika Wizara ya Afya, kwa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, kwa waganga wakuu wa mikoa na wilaya, na kwa madaktari, matabibu na wauguzi wa kliniki za presha, kisukari na wazee

YAH: USHAURI WA KUPUNGUZA UZITO KWA WATU WENYE UMRI WA MIAKA 65 NA ZAIDI

Waheshimiwa,

Naandika hadharani kwa sababu jambo hili limevuka mipaka ya kliniki moja na mzazi mmoja. Wazee wetu wanakuja kwenu na presha, sukari na magoti yanayouma. Wanapandishwa kwenye mizani, wanalinganishwa na chati iliyobandikwa ukutani, kisha wanaambiwa: "Punguza uzito." Wakirudi wamepungua, wanapongezwa. Ni nadra kusikia mtu akiuliza kama kilichoondoka ni mafuta au misuli, au kama mzee mwenyewe alikusudia kupungua.

Msimamo wangu nausema mapema ili tusipotezeane muda. Ushauri huo, ukitolewa kwa mtu wa miaka 70 vilevile unavyotolewa kwa mtu wa miaka 35, unadhuru. Unawaondolea wazee nguvu za miguu na unaficha magonjwa ambayo yangeweza kugundulika mapema. Najua foleni mnazozikuta kila asubuhi na najua wahudumu hawatoshi. Kwa hiyo mengi ya ninayoyaomba hapa yanahitaji kiti, futi kamba, kalamu na dakika chache. Hoja zangu ni hizi.

1. Chati mnayoitumia haikutengenezwa kwa kuwaangalia wazee.

Kipimo cha BMI, yaani kilo za mtu zikigawanywa kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, kina asili ya mwaka 1832. Aliyekianzisha ni Adolphe Quetelet, Mbelgiji aliyekuwa mtaalamu wa hisabati na elimu ya nyota. Hakuwa tabibu, wala hakuwa akitafuta njia ya kumwambia mgonjwa aishi vipi. Alitaka kujua mtu wa wastani katika jamii yuko vipi. Jina la BMI lilikuja mwaka 1972, pale Ancel Keys wa Marekani na wenzake walipochapisha utafiti wao. Waliopimwa walikuwa zaidi ya 7,400, na wote walikuwa wanaume. Leo kipimo hicho ndicho kinachomhukumu bibi wa miaka 74 aliyezaa watoto saba.

Mipaka iliyopo ukutani mnaijua: 18.5 hadi 24.9 ni uzito wa kawaida, 25 hadi 29.9 ni uzito uliozidi, na kuanzia 30 ni kiribatumbo. Lakini mtu akizeeka, pingili za uti wa mgongo hukaribiana na kubonyea, na kimo hupungua. Chukueni mama aliyekuwa na urefu wa mita 1.60 na kilo 62: BMI yake ilikuwa 24.2. Leo ana kilo zilezile 62, ila kimo kimeshuka hadi mita 1.55. BMI yake sasa ni 25.8. Hajaongeza hata gramu moja, lakini chati imemhamisha kutoka kundi la kawaida hadi kundi la uzito uliozidi, na mhudumu anaanza kumhubiria.

2. Takwimu za vifo vya wazee zinapingana na chati hiyo.

Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Deakin, Australia, walichapisha uchambuzi uliounganisha tafiti 32 zenye watu 197,940 wa umri wa miaka 65 na zaidi, wanaoishi katika jamii. Hatari ya kufa ilikuwa ndogo zaidi kwa wenye BMI kati ya 24 na 30.9. Wakilinganishwa na wenye BMI ya 23.0 hadi 23.9, waliokuwa na 21.0 hadi 21.9 walikuwa na hatari iliyozidi kwa asilimia 12, na wenye 20.0 hadi 20.9 ilizidi kwa asilimia 19. Upande wa juu, hatari ilianza kupanda pale BMI ilipovuka 33.

Tuyaweke haya katika mwili wa mtu. Mama mwenye urefu wa mita 1.55 na kilo 67 ana BMI ya 27.9. Chati inasema amezidi. Takwimu za wazee zinamweka katikati kabisa ya kundi lenye vifo vichache. Mama huyohuyo akifunga tumbo mpaka abaki na kilo 50, BMI yake inakuwa 20.8. Chati itamsifu kwamba sasa yuko sawa, wakati takwimu zinamweka katika kundi ambalo hatari yake imeongezeka kwa karibu moja ya tano. Hapo nani amemsaidia nani?

3. Najua jibu mlilonalo, na nimelizingatia.

Mtaniambia kwamba huenda wazee wembamba hufa mapema kwa sababu walikuwa wagonjwa tayari, au walikuwa wavuta sigara, na kwamba wembamba wenyewe hauna kosa. Ni hoja nzito, na watafiti wa Deakin waliijua. Walipoondoa vifo vya mwanzoni mwa ufuatiliaji, na walipowaweka kando waliokuwa na magonjwa tangu awali, picha haikubadilika sana.

Mtaniambia pia kwamba takwimu za namna hii haziwezi kuthibitisha kuwa kunenepa kunarefusha maisha. Nakubali, wala siombi mzee yeyote anenepeshwe. Lakini kama ushahidi hautoshi kumwambia mzee wa BMI 27 aongeze uzito, basi hautoshi pia kumwamuru aupunguze. Anayemwambia mtu abadilishe mwili wake ndiye mwenye wajibu wa kuonyesha faida.

4. Mizani haitofautishi mafuta na misuli, na misuli ndiyo inayomweka mzee kwenye miguu yake.

Misuli huanza kupungua taratibu tangu umri wa makamo, na kasi huongezeka baada ya miaka 60. Mzee anapojinyima chakula bila kufanya mazoezi ya nguvu, anapoteza mafuta na misuli kwa pamoja, na mifupa inadhoofika. Mwaka 2011 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha jaribio la mwaka mmoja lililofanyika Marekani kwa watu 107 wenye kiribatumbo, wote wa miaka 65 na zaidi. Waliopewa mpango wa kupunguza chakula peke yake walipungua takriban asilimia 10 ya uzito. Lakini walipoteza pia asilimia 5 ya tishu zisizo mafuta, ambazo sehemu yake kubwa ni misuli, na msongamano wa mfupa wa nyonga ulishuka kwa asilimia 2.6. Wale waliopunguza chakula huku wakifanya mazoezi walipungua karibu sawa na wenzao, lakini walipoteza misuli na mfupa kidogo zaidi, na uwezo wao wa kutembea na kujihudumia ndio ulioimarika kuliko wote.

Kwenu mnaotibu kisukari nasema hivi: sehemu kubwa ya sukari inayoingia kwenye damu baada ya mlo hupokelewa na misuli. Mkimshauri mgonjwa kwa namna inayoila misuli yake, mnaidhoofisha ghala inayopaswa kuipokea sukari hiyo.

Wala hakuna aliyezeeka kupita kiasi cha kupata nguvu. Mwaka 1990, huko Boston, wazee 10 dhaifu wa nyumba ya kulelea wazee, wenye wastani wa umri wa miaka 90, waliwekwa kwenye mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu kwa wiki nane. Nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Ni wangapi kati ya wazee wanaopita mikononi mwenu wamewahi kuandikiwa mazoezi ya miguu kama wanavyoandikiwa vidonge?

5. Kupungua uzito bila kukusudia ni dalili ya hatari, nanyi mnaipokea kama habari njema.

Mtoto wa chini ya miaka mitano ana kadi ya kliniki yenye mstari wa ukuaji. Mstari ukishuka, nesi anashtuka, mama anahojiwa, mtoto anachunguzwa. Mzee mstari wake ukishuka anaambiwa hongera. Nyumbani nako tunasema "ni uzee tu." Kati ya pongezi za kliniki na mazoea ya nyumbani, ugonjwa unapata muda wa kutosha kukomaa.

Mzee anayepoteza asilimia 5 ya uzito wake ndani ya miezi 6 hadi 12 bila kupanga anapaswa kuchunguzwa. Inaweza kuwa kifua kikuu, saratani, au kisukari kisichodhibitiwa. Inaweza kuwa tezi, sonona baada ya kufiwa na mwenzi, au kusahau kunakomfanya asikumbuke kula. Inaweza kuwa meno yameisha, au koo halimezi vizuri. Inaweza hata kuwa dawa mlizompa wenyewe. Metformin ya kisukari, kwa mfano, huwapunguzia baadhi ya watu hamu ya kula. Dalili ya mvua ni mawingu, na kwa mzee uzito unaoshuka wenyewe ni wingu zito.

Mama yangu mzazi alipitia hili katika kliniki ambayo sitaitaja. Aliambiwa apunguze uzito, naye ni mtu wa kutii. Aliacha ugali, kisha nyama, kisha maharage kwa sababu yalimjaza gesi. Akabaki na uji mweupe, matunda na chai ya rangi. Kila alipokwenda kupimwa alipewa moyo aendelee hivyohivyo. Aliyegundua kwamba kuna tatizo alikuwa mjukuu wake, alipoona bibi hawezi tena kuinuka kwenye mkeka baada ya kuswali bila kushikwa mkono. Kwenye kadi yake ya kliniki kila kitu kilionekana kwenda vizuri.

6. "Kula vizuri" si ushauri wa lishe.

Wazee wengi wanatoka kliniki na orodha ya makatazo: acha chumvi, acha mafuta, acha sukari, punguza wanga, acha nyama nyekundu. Hawaambiwi waweke nini mahali pa vilivyoondolewa. Wataalamu wa lishe ya wazee waliokutana katika jopo la PROT-AGE walipendekeza mwaka 2013 kwamba mtu mwenye umri wa zaidi ya miaka 65 apate gramu 1.0 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku, zaidi ya gramu 0.8 zinazotajwa kwa watu wazima kwa jumla. Mzee wa kilo 60 anahitaji gramu 60 hadi 72. Yai moja lina gramu 6 hivi, glasi ya maziwa gramu 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa gramu 15. Hesabuni wenyewe siku ya mzee anayekunywa chai ya rangi asubuhi, anakula ugali na mboga za majani mchana, na uji usiku. Hata nusu ya mahitaji yake ni vigumu kuifikia.

Nchi hii ina dagaa, kunde, choroko, mbaazi, karanga, mtindi na mayai. Hivyo ni vyakula vya soko la kila siku, na mzee asiye na meno anaweza kuvitumia vikisagwa, vikipondwa au vikipikwa vikalainika. Wenye ugonjwa mkubwa wa figo wanahitaji maelekezo yao maalumu, na hilo ni jambo jingine la kumweleza mgonjwa kwa lugha anayoielewa.

7. Unene una madhara yake, na ndiyo sababu tunataka upimwe kwa akili.

Sitetei kitambi. BMI ya 35 kwa mzee mwenye magoti yaliyolika, sukari isiyoshuka na pumzi inayokatika usingizini ni tatizo la kweli, na kupungua kunaweza kumrudishia maisha. Mafuta yanayokaa tumboni ni mabaya kuliko yanayokaa mapajani, na kiuno kinaweza kumwambia daktari jambo ambalo mizani haikuliona. Kuna pia mzee mwenye mwili mkubwa na misuli kiduchu, ambaye anabeba hatari za pande zote mbili kwa wakati mmoja. Watu hawa wanahitaji mpango: kupungua polepole, protini ya kutosha, mazoezi ya nguvu, na mtu wa kuwafuatilia. Neno "punguza" lililotupwa mlangoni wakati mgonjwa mwingine anaingia haliwasaidii.

Kwa sababu hizo, naomba yafuatayo:

(a) Kila mzee awe na kadi inayoandikwa uzito wake katika kila hudhurio, na mwelekeo wake uangaliwe. Maswali mawili ya Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa huduma jumuishi kwa wazee yaulizwe kila mara: je, umepungua zaidi ya kilo 3 ndani ya miezi mitatu bila kukusudia? Je, umepoteza hamu ya kula? Jibu la ndiyo lianzishe uchunguzi, na pongezi zisubiri.

(b) Mzee apimwe nguvu. Mwongozo huohuo una kipimo cha kiti: akunje mikono kifuani, ainuke na kukaa mara tano. Akishindwa kumaliza ndani ya sekunde 14, anahitaji kuangaliwa zaidi. Ongezeni futi kamba kwenye kigimbi. Chini ya sentimita 31 ni ishara kwamba misuli inaweza kuwa imepungua. Vyote viwili vinawezekana hata kwenye zahanati isiyo na umeme.

(c) Mtu wa miaka 65 na zaidi mwenye BMI chini ya 30 asishauriwe kupunguza uzito kwa sababu ya chati peke yake. Iwepo sababu ya kitabibu iliyoandikwa kwenye faili lake. Na yeyote anayeshauriwa kupungua apewe pamoja na ushauri huo mpango wa protini na mazoezi.

(d) Chati ya watu wazima iliyoko ukutani iandikwe wazi kwamba mipaka yake haitumiki kwa wazee bila tathmini ya mhudumu. Taasisi ya Chakula na Lishe iandae chati ya wazee, kwa Kiswahili, yenye vyakula vya maeneo yetu na vipimo vya jikoni: kikombe, kijiko, konzi.

(e) Dirisha la wazee katika hospitali na vituo vya afya lisiishie kwenye kuandikisha na kutoa dawa. Mzee aliyepungua apate njia ya kumfikia daktari wa meno na mtaalamu wa mazoezi ya viungo bila kuanza foleni upya. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wanaoingia majumbani tayari, wafundishwe kipimo cha kiti na maswali yale mawili.

(f) Tupate takwimu zetu. Nyingi ya namba nilizozitaja zilikusanywa nje ya Afrika. Wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, wazee wamefanyiwa tafiti za kiharusi na za ugonjwa wa kusahau, kwa hiyo uwezo upo. Tafiti za namna hiyo zifuatilie pia uzito, nguvu na uhai wa wazee wa mjini na wa shamba, wa Bara na wa Visiwani.

(g) Mzee asiye na kipato hawezi kununua protini kwa ushauri. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa pensheni jamii wazee wote wa miaka 70 na zaidi. Nawaomba mlio Wizarani muwe sauti ya afya katika kudai jambo kama hilo Bara, maana chakula cha mzee ni sehemu ya tiba yake.

Waheshimiwa, kinachowekwa rehani hapa ni kikubwa. Mzee aliyepoteza misuli huanguka. Akianguka akiwa hana nyama ya kumkinga wala mfupa imara, nyonga huvunjika. Nyonga ikivunjika kwa familia isiyo na uwezo wa kulipia upasuaji, mzee analala kitandani, vidonda vya mgongo vinaanza, na mara nyingi binti mmoja wa nyumba hiyo anaacha biashara au kazi yake ili amgeuze na kumlisha. Hospitali inaongezewa mgonjwa, kaya inapoteza mapato, na mtu aliyekuwa anakwenda msikitini, kanisani na shambani kwa miguu yake anamaliza siku zake akitazama dari. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliwatambua watu wa miaka 60 na zaidi kuwa kundi lenye mahitaji yake. Umoja wa Mataifa nao umetangaza miaka ya 2021 hadi 2030 kuwa muongo wa kuzeeka kwa afya. Muongo huo umeshavuka nusu, nasi bado tunampima mzee kwa kipimo cha kijana.

Mabadiliko ninayoyaomba kwanza yanaweza kuanza kabla ya bajeti yoyote kupitishwa. Kliniki ijayo, mzee akipanda mizani na kuonekana amepungua, muulizeni kama alikusudia. Kisha muombeni ainuke kwenye kiti mara tano. Mengine yanayohitaji fedha, mafunzo na miongozo, tunaomba mtupe majibu hadharani kama nilivyouliza hadharani: mtafanya lipi, nani atalisimamia, na lini.



Wenu,
Binti anayelea wazazi wazee,
Morogoro